Rangi ya Majani Isiyochujuka

Katika ukumbi wa skuli moja ya kijijini, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, zimo karatasi arubaini na mbili zilizobandikwa ukutani ambazo kila mgeni anayeingia huuliza ni za nini. Ni picha za mimea. Mashina yapo, mizizi ipo, na majina yameandikwa chini kwa hati nzuri ya wino mweusi. Lakini majani, ambayo ndiyo khasa yaliyokusudiwa kuonyeshwa, mengine yamekuwa na rangi ya chai iliyopoa, mengine yamegeuka buluu hafifu kama kanzu ya kazi iliyofuliwa mara nyingi, na mengine hayaonekani ila kwa alama ya penseli pembeni. Mimi mwandishi wa makala haya ndiye niliyesababisha hali hiyo. Na kwa kuwa jambo lenyewe linawahusu walimu, wazee wenye elimu ya miti shamba, na wale wote waliokabidhiwa dhamana ya kuhifadhi kumbukumbu za visiwa vyetu, nimeona ni wajibu wangu kulieleza kwa urefu.

Mambo yalianza hivi. Katika kijiji hicho alikuwako mzee mmoja, bingwa wa miti ya dawa, ambaye watu wa vijiji vya jirani walikuwa wakimwendea tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mzee huyo hakuwa mchoyo wa elimu yake. Alikubali kutembea na wanafunzi kila Jumamosi, mabondeni na vichakani, akiwaonyesha mmea huu na ule, na neno lake kubwa lilikuwa hili: "Wajukuu zangu, msitazame umbo la jani peke yake, tazameni na ukijani wake." Ikaamuliwa kwamba kila mmea uchorwe kwa rangi za maji na kuandikwa jina lake, ili ipatikane kumbukumbu ya kudumu. Mwalimu aliyekabidhiwa kazi hiyo aliomba apewe fedha kidogo za kununua sanduku la rangi mjini.

Ombi lake lilipoletwa katika kamati ambayo mimi nilikuwa katibu wake, nilisimama nikalipinga. Nilisema kuwa ni aibu kwa watu wanaoishi ndani ya kijani usiku na mchana kutoa fedha kununua kijani cha watu wengine. Nikasema manjano tunayo jikoni, nili ipo dukani, na majani yenyewe yamejaa mpaka mlangoni. Lililobaki ni kinu na mchi. Maneno yale yalipendeza na watu walipiga makofi. Baada ya mkutano mwalimu alinifuata akaniambia kwa adabu: "Ndugu Katibu, kijani cha jani hakikai kwenye karatasi." Nikamjibu kuwa afanye kwanza ndipo aseme.

Basi wakafanya. Watoto walitwanga majani ya mchicha na kisamvu wakayakamua, wakachanganya manjano na nili, na picha zilipotundikwa siku ya sherehe kila mtu alizisifu, na mimi nikiwa wa kwanza kupokea pongezi. Haikutimia miezi minane, kijani chote kikawa kimetoweka. Wakati huo mzee wetu alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Hasara iliyopatikana si ya mapambo. Miongoni mwa karatasi zile zimo mbili za mimea ambayo majani yake yanashabihiana kwa umbo na kwa ukubwa. Mmoja mzee alikuwa akiwapa watu wenye maumivu ya tumbo, na mwingine alikuwa akiwakataza watu wasiuguse. Sitaitaja kwa majina, kwani jina moja hutumika kwa mimea tofauti kutoka kijiji hiki hadi kile. Tofauti aliyoionyesha yeye ilikuwa katika rangi: mmoja ukijani wake umeelekea ubuluu, na mwingine umeelekea umanjano. Leo karatasi zote mbili zina rangi moja, nayo ni ya vumbi.

Tangu hapo nimejishughulisha kwa muda usiopungua mwaka mmoja kuitafuta elimu hii ambayo nilipaswa kuitafuta kabla ya kusimama na kusema. Nimesoma nilivyoweza, nimewauliza wanaojua, na nimejaribu kwa mikono yangu. Kijana wetu mmoja anayesomea ng'ambo kazi ya kuhifadhi maandiko ya kale aliniletea vijisanduku kadhaa vya rangi za asili ili nizilinganishe na zetu. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza lazima tufahamu rangi ya maji ni kitu gani. Ni unga wa rangi uliosagwa ukawa laini kabisa, ukachanganywa na gundi ya mgunga, kisha ukalainishwa kwa maji wakati wa kupaka. Gundi hiyo hutoka zaidi Sudan, ingawa migunga iko hata Tanzania Bara, na baadhi ya mafundi huongeza asali kidogo ili rangi isipasuke inapokauka. Hapana siri nyingine. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa bado akitengeneza mwenyewe wino wake kwa masizi ya taa na gundi, na sisi watoto tukiandikia juu ya ubao; hivyo kila aliyepita katika chuo cha namna ile amekwisha kutumia rangi ya maji bila ya kulijua jina lake.

Lakini si kila chenye rangi ni unga wa rangi. Kuna kitu ambacho rangi yake imo katika punje zake, kama vile udongo, jiwe, au masizi. Na kuna kitu ambacho rangi yake huyeyuka katika maji au mafuta, kama vile juisi ya jani na manjano ya jikoni. Cha kwanza hulala juu ya karatasi kama mchanga mwembamba. Cha pili huingia katika karatasi kama doa la mchuzi, na jua likikipata hukivunja. Mimi nilikuwa nimevihesabu vyote viwili kuwa ni kitu kimoja kwa sababu tu vyote vimetoka ardhini petu.

Pengine lugha yetu nayo ilinipoteza. Kiswahili kimezipa rangi majina ya vitu: kijivu ni cha majivu, samawati ni ya mbingu, zambarau ni ya tunda, manjano ni ile bizari, na kijani ni cha majani, hata ile chanikiwiti ya wazee wetu ni jani bichi lenyewe. Mtu akilelewa katika lugha ya namna hii huamini kuwa ukitaka kijani huna budi ulikamue jani. Lakini kijani cha jani ni kazi inayofanywa upya kila siku maadamu jani li hai. Kinachokitia ni umbijani, na umbijani haustahimili mwangaza pindi jani likishakufa, wala haustahimili moto au ukali wa ndimu. Kila mpishi analijua hili. Mchicha ukichelewa jikoni, au ukitiwa ndimu mapema, huacha kuwa kijani na kuwa na rangi ya majani makavu, kwa sababu madini ya magnesi yaliyomo katika umbijani yameondoka. Karatasi za skuli yetu zilizopakwa juisi ya mchicha zilipikwa na jua polepole tu.

Wazungu nao walilijaribu jambo hili kwa karne nyingi. Kulikuwa na rangi maarufu iliyotengenezwa kwa matunda madogo ya kichaka kinachoota Ulaya, yakikamuliwa yakiwa yameiva na kutiwa shabu, kisha utomvu ukakaushwa na kuhifadhiwa ndani ya kibofu cha mnyama. Ni kijani kizuri, chenye joto, kinachopita juu ya karatasi kama asali. Kimo katika vijisanduku nilivyoletewa, na nakiri kuwa ndicho kilichonivutia kuliko vyote siku ya kwanza. Lakini nacho hufifia, na ndiyo maana rangi inayouzwa leo kwa jina lake hutengenezwa kwa vitu vingine kabisa.

Kijani cha udongo ni jambo jingine. Huu ni udongo wenye madini ya chuma, na aina iliyosifiwa zaidi ilichimbwa katika mlima Monte Baldo karibu na mji wa Verona, Italia. Nyingine ilitoka Cyprus. Warumi waliupaka katika kuta zao, na upo hadi leo. Madini yanayoupa rangi ni ya namna mbili. Moja, seladoniti, hutokea katika mawe ya volkano na ukijani wake ni wa baridi, umeelekea ubuluu. La pili, glaukoniti, hujijenga katika mashapo ya chini ya bahari na ukijani wake ni wa zeituni. Sisi watu wa bahari, ambao hudhani kuwa bahari hutoa samaki na mwani tu, tuna haki ya kulistaajabia jambo hili.

Sifa ya kijani cha udongo ni kuwa hakibadiliki. Aibu yake ni unyonge. Nilipokipaka mara moja sikuona kitu ila kivuli cha kijani. Nikarudia mara nne ndipo karatasi ikakubali. Ukikichanganya na rangi yo yote yenye nguvu humezwa mara moja. Wachoraji wa Italia wa zama za kati walikitanguliza chini ya rangi ya ngozi ili nyuso zionekane hai, na katika picha nyingi wekundu wa juu umefifia lakini udongo wa chini umebaki palepale, hata nyuso hizo sasa zinaonekana za kijani kama za watu wagonjwa. Mnyonge huyo amewashinda wenzake kwa kukaa tu.

Baada ya udongo kuna jiwe la malakiti, ambalo ni madini ya shaba. Linapatikana kwa wingi Katanga, kwa ndugu zetu wa Kongo wanaosema Kiswahili, na mafundi wa huko hulichonga mapambo ambayo wasafiri hununua Lubumbashi. Likisagwa hutoa kijani safi, cha baridi, lakini lina tabia ya kipekee: kadiri unavyolisaga likawa laini ndivyo linavyopauka. Wachina na Wajapani waliilijua hilo zamani, wakawa wanazichambua punje kwa ukubwa, kubwa kwa kijani kizito na ndogo kwa kijani cheupe. Mimi nililiona gumu kulitumia. Punje zake hukwaruza karatasi na kukusanyika katika mashimo madogo, na vumbi lake si la kuvutwa puani.

Shaba hiyohiyo hutoa kijani cha tatu, nacho ndicho chenye khatari. Kila mwenye sufuria ya shaba anaijua kutu ya kijani inayotokea, na ndiyo sababu mafundi wakazitia bati ndani, kwani kutu ile ni sumu. Waarabu huiita zinjari. Katika mji wa Montpellier, Ufaransa, katika karne ya 18 ilikuwa ni kazi kubwa ya wanawake; waliweka mabamba ya shaba pamoja na makapi ya zabibu yaliyochachuka katika vyumba vya chini ya nyumba zao, na baada ya siku kadhaa wakaikwangua kutu. Kwa uzuri wa macho hapana kijani cha kale kinachoifikia. Lakini huila karatasi. Katika maandiko mengi ya kale ya nchi za Kiislamu, mistari ya kijani iliyozunguka maneno imeikata karatasi kama kisu, hata ukurasa ukaachana na pambizo yake. Wanakili wa Kiajemi waliitambua tabia hiyo na wakawa wanaichanganya zinjari na zafarani, ambayo huupunguza ukali wake. Na wataalamu wa siku hizi walipoichunguza dawa hiyo waliona kuwa ni kweli. Sisi ambao zafarani tunaijua kwa kuandikia kombe katika sahani nyeupe hatukuwa na khabari kuwa ilikuwa na kazi ya pili.

Hapa naomba niwageukie wananchi wenye misahafu na vitabu vya mkono majumbani, vilivyoachwa na wazee. Ikiwa ndani mna mistari au maua ya kijani, na nyuma ya ukurasa pameingia ukahawia, tafadhalini msisugue, msitie maji, wala msibandike utepe wa gundi. Kifungeni kitabu, kiwekeni pakavu, na mwulizeni mjuzi.

Nimeyasema hayo pia kwa sababu kuna watu, na mimi nilikuwa mmoja wao, wanaodhani kuwa neno "asili" maana yake ni salama. Katika vitabu vya kale, Ulaya na Mashariki, kijani kilichotumiwa sana kilikuwa ni nili iliyochanganywa na jiwe la manjano ambalo Waarabu huliita zarnikh. Ni mchanganyiko mzuri, na umeishi ndani ya vitabu vilivyofungwa. Lakini jiwe hilo lina aseniki, nalo ni la asili kama lilivyo embe. Viwanda navyo havikuwa na huruma zaidi: mnamo 1775 mkemia Scheele wa Sweden alitengeneza kijani cha aseniki na shaba, na rangi za jamii hiyo zikaenea katika karatasi za ukutani na majalada ya vitabu. Uasili wa rangi, kwa hivyo, haukwambii lo lote juu ya sumu wala juu ya kudumu. Hayo huulizwa rangi moja moja.

Sasa nije kwenye kuchanganya, ambako ndiko tulikokosea zaidi na ndiko ninakoona njia.

Katika skuli yetu tulichanganya manjano na nili ya dukani. Nilidhani nili ile ni ile ya mnili, mmea ambao mababu walitilia nguo rangi. Katika karne ya 16 Wareno walizikuta nguo za buluu za visiwa vya Kerimba, kusini ya mto Ruvuma, na biashara yake ilikuwa kubwa. Kumbe unga wa buluu wa kufulia tuliokuwa tukiununua ni kitu kingine. Ni buluu iliyoigizwa viwandani tangu miaka ya 1820 ili ichukue nafasi ya jiwe la thamani la Badakhshan, Afghanistan, nayo hutengenezwa kwa udongo, salfa na magadi. Jua haliiwezi. Ndiyo maana picha zile zimekuwa buluu: manjano yamekufa na buluu imebaki peke yake. Nimefarijika kidogo, japo si sana, kusoma kuwa mazulia ya ukutani ya Flanders na picha za maua za Uholanzi zilizomo katika majumba makubwa ya makumbusho zina majani ya buluu kwa sababu hiyohiyo. Manjano ya mimea iliyotumika huko yalichujuka.

Lakini zilikuwapo picha ambazo buluu nayo ilitoweka. Hilo lilinishughulisha kwa wiki nyingi, mpaka mwanafunzi mmoja aliponikumbusha kuwa darasa lao lilitia ndimu. Walitia ndimu kwa sababu waliona kuwa manjano yakiguswa na sabuni au chokaa hugeuka mekundu, na ukuta wa ukumbi ule ni wa chokaa, wenye unyevu siku za masika. Ndimu ililinda manjano yasiwe mekundu. Lakini buluu ile ya kufulia haivumilii ukali wo wote: ndimu au siki huivunja ikawa nyeupe, na kuacha harufu ya yai viza. Walimu wanakumbuka kuwa darasa lilinuka. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nilipokwisha kuyafahamu hayo nilichukua ukanda wa karatasi nzito nikapaka mistari ya rangi zote, nikaifunika nusu yake kwa kadibodi, nikauweka katika dirisha langu la magharibi kwa miezi minne. Kila Ijumaa nilifunua na kutazama. Manjano yaliondoka ndani ya siku kumi. Juisi ya kisamvu haikufika wiki mbili. Kijani cha matunda ya Ulaya kiliendelea kwa ushujaa hadi mwezi wa tatu, kisha kikaanza kuwa na rangi ya haradali. Nili ya mmea, kutoka katika vijisanduku vya kijana wetu, ilipungua lakini haikuisha. Udongo wa Verona na malakiti havikutikisika.

Na mistari miwili niliyoitengeneza mwenyewe nayo haikutikisika. Wa kwanza ulikuwa wa udongo wa manjano uliotoka katika shimo la kisima, niliouosha, nikauacha utuame, nikauchuja kwa kitambaa na kuusaga juu ya kioo pamoja na gundi. Nikautia buluu ya kufulia bila ya ndimu. Wa pili ulikuwa udongo huohuo pamoja na masizi ya taa. Watu wengi hawataamini kuwa manjano na weusi huzaa kijani, na mimi sikuamini, lakini weusi wa masizi una ubuluu uliojificha, na manjano huutoa nje. Hutoka kijani cha zeituni, kizito, sawasawa na majani ya mkoko maji yanapokupwa. Ukizidisha manjano unapata mwembe wa jioni. Kwa hivyo wino wa mwalimu wangu wa chuo na udongo wa kisima vilitosha kunipa kijani ambacho nilikuwa nikijidai kukitafuta, na vilikuwa palepale siku niliyosimama kuhutubia.

Sisemi kuwa vinatosha kwa kila kitu. Udongo ni mpole, na buluu ya kufulia imeelekea uzambarau, kwa hivyo kijani chake hakipati ukali. Jani changa la mgomba likipenywa na jua halipatikani kwa njia hiyo, wala mpunga mchanga wa bondeni. Kwa hayo mtu anahitaji manjano yenye nguvu ya viwandani, na sioni haya tena kulisema. William Hooker wa London, aliyeishi kati ya 1779 na 1832 na kuchora matunda kwa ajili ya chama cha wakulima wa bustani, alikabiliwa na shida hiyohiyo. Akachanganya buluu iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na utomvu wa manjano wa mti wa Asia, na kijani hicho kikabeba jina lake. Siku hizi rangi zenye jina lake zina vitu vingine ndani, kwa sababu utomvu ule haukuhimili mwangaza. Jina limebaki, mapishi yamebadilishwa, na wachoraji wamefaidika.

Kwa upande mwingine, vile visanduku vya bei rahisi vya watoto havitufai pia. Kijani kilichomo mara nyingi ni kile kikali cha viwandani cha jamii iliyoanza katika miaka ya 1930. Hakifi, hilo ni kweli, lakini hapana jani hata moja katika visiwa hivi lenye rangi hiyo. Ni rangi ya mlango wa duka. Mtoto akikitumia kama kilivyo atapaka mkarafuu, mvinje na mchicha kwa rangi moja, hali ya kuwa mkarafuu una kiza na mng'aro, na majani yake machanga ni mekundu. Mvinje una ujivu. Na mchicha una umanjano. Afundishwe kukipunguza makali kwa udongo wa manjano au kwa ngeu ya seremala, na hapo kitamtii.

Mwalimu wetu, ambaye nilimwomba radhi mbele ya kamati ileile iliyonipigia makofi, yuko tayari kuanza upya. Tunachowaomba wenye dhamana ya elimu na kumbukumbu si kikubwa. Rangi tutatengeneza wenyewe, na chache za kununua zichaguliwe na mtu anayesoma maandishi yaliyo ubavuni mwa chupa juu ya kuhimili mwangaza, si na mtu wa manunuzi anayetazama bei peke yake. Gundi ya mgunga inapatikana. Kilicho ghali ni karatasi: inatakiwa ile ya pamba, isiyo na ukali ndani yake, kwani karatasi ya kawaida hugeuka ya manjano na kuvunjika hata rangi ikiwa njema. Na picha zisitundikwe. Ziwekwe ndani ya majalada, katika kabati kavu lisiloingia mwanga, pamoja na jani lenyewe lililokaushwa na kubanwa, ili rangi ikipotea umbo libaki.

Tena pembeni ya kila picha kiandikwe kijani chenyewe kwa maneno, si neno "kijani" tupu, bali kwa kukifananisha na jani ambalo kila mtu analijua: kama mgomba mchanga, kama mkoko, kama mvinje asubuhi. Watoto wanaliweza jambo hili kuliko sisi. Nilipowauliza katika darasa moja walinipa mifano kumi na tano kabla ya kengele kulia, na mmoja alisema kuna kijani cha upande wa chini wa jani la mkungu, ambacho mimi kwa umri wangu sijawahi kukitazama.

Kuhusu ile mimea miwili, binti wa marehemu mzee anaishi kijiji cha pili, na alikuwa akifuatana na baba yake alipokuwa msichana. Amesema anadhani anaikumbuka. Jumamosi ijayo atakwenda na wanafunzi bondeni, na mwalimu atachukua udongo wa manjano, masizi, buluu na vibrashi viwili. Mimi nimepewa kazi ya kubeba maji.